Lita Mia kwa Pua Moja

Mume wangu Torgeir alikaa miaka miwili na robo bila kusikia harufu ya kitu chochote, na mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikujua. Ukiniuliza ni mke gani huyo asiyejua jambo kama hilo, nitakujibu kwamba wewe hujawahi kuishi na mwongo hodari. Kila Jumapili alikuwa akifunua sufuria yangu ya nyama ya kondoo na kabichi, anafumba macho, anavuta pumzi, anasema, "Ah, Borghild." Nami kichwa kinavimba. Kumbe mwenzangu alikuwa akivuta mvuke mtupu.

Huenda ningekufa bila kujua, kama binti yetu Synneva asingetaka kuolewa.

Huku kwetu Hardanger, kwenye mabonde ya baridi ya kaskazini, bia ya harusi hupikwa nyumbani kwa bibi harusi. Si sheria ya serikali, lakini jaribu kuivunja uone watakavyokutazama kanisani. Torgeir amekuwa akipika tangu mama yake alipomwachia hamira ya ukoo, na miaka kumi na mitano hii amepika kwa mfuko. Mfuko wenyewe nilimshonea mimi, maana nilikuwa fundi mapazia wa bonde hili, na kitambaa chepesi cha pazia, cha nailoni, ndicho hasa kinachofaa: maji yanapita, machicha hayapiti. Unautandaza mfuko ndani ya sufuria yenye maji ya moto yaliyolala na matawi ya mreteni, kichaka cha mlimani kinachonukia, unamimina kimea cha shayiri, unakoroga, unafunika kwa blanketi saa nzima. Kisha unauinua mfuko na kuukamua. Kinachobaki sufuriani ni maji matamu kama togwa, ambayo ukiyachemsha na maua machungu ya hopsi, ukayapoza na kuyatia hamira, baada ya siku tatu ni bia. Sufuria moja, mfuko mmoja, lita ishirini, na nyumba nzima inanukia.

Synneva alipokuja Pasaka na Magne, mchumba wake, mwalimu kutoka mji wa Bergen, walituambia wageni watakuwa themanini. Magne, ambaye ni kijana mwema lakini hajui wakati wa kunyamaza, akasema, "Mzee, kwa watu wote hao si afadhali tununue tu? Usijichoshe."

Torgeir aliweka uma chini. "Lita mia," alisema. "Nitapika lita mia."

"Umewahi kupika lita mia, wewe?" nikamuuliza.

"Nimepika lita ishirini mpaka mkono umezoea. Hii ni mara tano tu."

Synneva alimrukia shingoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mume wangu alikuwa ameshazivua mbele ya mkwe.

Basi nikatoa kitambaa changu cha mwisho, kile nilichobaki nacho nilipofunga duka, nikashona mfuko ambao ungeweza kumeza ndama mzima. Nilipitisha mikanda minne chini ya kitako chake ili mishono isipasuke, kwa sababu kilo thelathini za kimea zikishanywa maji zinakaribia kilo sitini, na hakuna mzee wa miaka sitini na tisa anayeinua hizo kwa mikono. Torgeir alitoa ghalani sufuria la chuma ambalo bibi yake alichemshia nguo, akaliweka kwenye jiko la nje juu ya moto wa gesi. Juu ya boriti alifunga kapi la kuinulia majani makavu, akapitisha kamba. Alikuwa anaimba. Nilipenda kumsikia akiimba, ingawa haimbi vizuri.

Jumamosi ya kwanza ya Mei nilikuwa ndani napiga pasi. Upepo ukaniletea harufu ya plastiki inayoungua, kali mpaka macho yakatoa machozi. Niliacha pasi nikakimbia. Nilimkuta Torgeir amesimama na mwiko wake mrefu, uso ameuingiza kabisa ndani ya mvuke.

"Torgeir! Nini kinaungua?"

"Hakuna kinachoungua," alisema. "Njoo unuse. Kimea kinanukia ajabu leo."

Nilisimama mlangoni, mkono wa sweta puani. Moshi wa kijivu ulikuwa unapanda kando ya sufuria, na yeye katikati yake anatabasamu. Nilizima gesi, nikaushika mfuko na kuuvuta. Ukaja wa juu peke yake. Kitako kilikuwa kimegandamana na chuma, kimeyeyuka, na kilo thelathini za kimea zinaelea humo pamoja na vipande vyeusi vya kazi yangu ya siku mbili.

Kosa lenyewe lilikuwa jepesi. Kimea cha lita ishirini alikuwa akikilaza jikoni, kinaingia sufuriani kina uvuguvugu. Hiki cha lita mia kilitoka ghalani moja kwa moja, na baridi ya Mei bado iko ndani yake, na kukimimina kulichukua nusu saa mlango ukiwa wazi. Alipotazama kipimajoto akaona nyuzi sitini na mbili badala ya sitini na saba. Akawasha gesi ili apandishe. Hakukumbuka kwamba mfuko mkubwa wenye uzito ule unakaa chini kabisa, juu ya moto. Kosa hilo mtu yeyote angeweza kulifanya. Lakini mtu yeyote angesikia harufu mara moja.

Nilimtazama, naye akatazama pembeni. Kwenye rafu palikuwa na kopo la lami ya kupaka mashua. Nililifungua.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Borghild, acha mchezo."

"Fumba macho, nimesema." Nikamwekea lami chini ya pua, karibu kiasi cha kumchafua masharubu. "Hii ni nini?"

Alivuta pumzi. Akavuta tena. Wakati huo wote mimi nilikuwa naomba aseme lami, aseme tu lami niendelee kumgombeza kwa ajili ya mfuko.

"Kahawa?" alisema.

Tulikaa kwenye ngazi ya jiko la nje. Mbele yetu mitofaa ilikuwa inaanza kuchanua mpaka chini ufukweni. Aliniambia kila kitu, mikono katikati ya magoti. Ni ile homa iliyozunguka dunia nzima. Mimi nilipona baada ya wiki. Yeye alipona vyote isipokuwa pua. Alidhani itarudi. Mwezi wa kwanza alidhani, na wa pili, na baadaye akaona aibu kwamba hakusema mwezi wa kwanza.

"Nyama yangu ya kondoo je? Kila Jumapili?"

"Nimeila miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa naikumbuka."

"Na maua ya matofaa mwaka jana? Ulisimama hapahapa ukasema yananukia."

"Niliyaona yamechanua."

"Na maziwa yaliyochacha, yale uliyoyanywa Februari ukasema ni matamu?"

"Yale nilidhani ni mtindi."

Nikakumbuka jambo jingine. "Torgeir. Bia ya Krismasi ya Brynjulv." Brynjulv ni jirani yetu wa juu, mpishi wa bia mwenye pua ya mbwa na ulimi wa wembe, na wawili hawa wameshindana tangu wakiwa na kaptula. "Ulimwambia mbele ya watu wote kwamba inanuka soksi."

"Nilimwona ana wasiwasi usoni," alisema kwa sauti ndogo. "Nikabahatisha."

Nilitaka kucheka, ila hasira haijaisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia. Siku moja gesi itavuja, na wewe utakuwa umekaa hapo unasema inanukia. Alikubali kila neno. Halafu akanishika kiwiko.

"Usimwambie Synneva. Nakuomba."

Nilijua anachokiogopa. Huku bia ya sherehe ikishatulia, kabla haijaguswa, majirani huitwa kuja kuonja. Mpishi anasimama, anakunywa wa kwanza kutoka bakuli la mti, na anasema mbele ya wote anachokisikia ndani yake, kizuri na kibaya. Kasoro akiitaja mwenyewe, watu wanamheshimu. Ikimpita akaitaja mwingine, ameisha.

"Wakijua, Magne atanunua bia ya dukani," alisema. "Au Brynjulv atapika, na mimi nitakaa kwenye harusi ya mwanangu kama mgeni. Nikishindwa hii naitundika sufuria, Borghild. Sina kingine cha kumpa. Shamba hataki, ng'ombe hatuna tena. Ana haki ya bia ya nyumbani kwao."

Moyo wangu ulilegea, nakiri. "Basi nitakuwa pua yako," nikasema. "Lakini ukinidanganya tena, nitakuogesha kwa hiyo lami." Nikamuuliza ni harufu gani anayoikosa kuliko zote. Aliitazama mitofaa.

"Siku nyingine," alisema.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na cha kuagiza kingefika baada ya harusi. Pazia pekee lenye ufumaji unaofaa lilikuwa la chumbani kwetu. Nikalishusha, nikalikata, nikashona kitako kipya.

"Sasa Brynjulv akipita na trekta atatuona kitandani," Torgeir alisema.

"Atuone. Tuna nini cha kumwonyesha?"

Mei jua letu halina adabu. Linaingia chumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na bila pazia usingizi ndio basi tena. Basi asubuhi zile tulilala macho wazi, yeye ananifundisha. Alinieleza mreteni unapaswa kunuka vipi kabla haujageuka mchungu. Alinieleza kimea kinavyoanza kama unga mbichi, halafu kinageuka, na dakika ya kugeuka huna budi kuijua. Nikamwambia yote yananukia vizuri, hilo naweza kumwambia.

"Nzuri si harufu," alisema. "Ukiniambia nzuri, umenifungia mlango. Niambie ni nini. Niambie unamwona nani."

Jumatano ya wiki iliyofuata tulipika tena. Safari hii kimea kipya kililala sebuleni kwangu siku mbili, magunia yamepangwa kwenye kochi kama wageni. Ndani ya sufuria, chini kabisa, Torgeir aliweka wavu wa chuma wa tanuri, ili mfuko usiguse moto. Nilisimama juu ya mvuke nikainamisha uso.

"Haya," alisema. "Nini?"

"Mreteni."

"Najua ni mreteni, nimeukata mwenyewe! Mreteni wa namna gani?"

"Usinifokee. Ni... sanduku la mama yako. Lile la nguo za sufu. Ukilifungua mara ya kwanza wakati wa baridi."

Aliacha kukoroga. "Sanduku tu? Hakuna ukali nyuma yake?"

"Sanduku tu."

"Basi toa matawi. Sasa hivi, upesi."

Tulimimina kimea kidogo kidogo, mlango umefungwa, na kipimajoto kikasimama kwenye sitini na saba kama kilichopigiliwa msumari. Tulifunika sufuria kwa mablanketi, na makoti, na mfuko wa kulalia wa Synneva wa enzi za skauti. Baada ya nusu saa nilifunua pembe. Unga mbichi. Baada ya dakika nyingine kumi na tano nikafunua tena, nikainama.

"Torgeir, ni Jumamosi. Mama yako ametoa mikate, ameifunika kwa kitambaa, na Synneva ana miaka mitatu, ametoka juani, kichwa chake kiko hapa kifuani kwangu. Ni nywele zake. Ni mkate na nywele zake."

Alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili na machozi yanamshuka, hayafichi. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Ndiyo hasa. Imeiva."

Kisha ikaja kazi ya punda. Tulishika kamba sote wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukavuta. Mfuko ulipanda shingo, ukapanda tumbo, ukakwama kwa sababu jitu hilo lilikuwa limenona kuliko mdomo wa sufuria. "Vuta, mama, vuta!" anasema. "Navuta, mzee, wewe ndiye unayening'inia!" nasema. Mara ukachomoka, kitako cha pazia langu kikashika, mikanda minne ikalia lakini ikashika, na mfuko ukabaki unazunguka hewani, unamwaga mvua ya asali ndani ya sufuria. Tulifunga kamba kwenye nguzo. Lakini mfuko mdogo unaukamua kwa mkono; huu ungeukamua kwa nini? Torgeir alivaa glavu za mpira mpaka viwiko, akaukumbatia. Mimi nikaukumbatia upande wa pili. Tulibana kwa nguvu zetu zote, mashavu juu ya pazia la moto, na mikono yetu ikakutana nyuma yake.

"Hatujacheza dansi hivi tangu harusi ya dada yako," nilimwambia.

"Niliyecheza naye siku ile alikuwa mwembamba zaidi."

Tulichemsha, tukapoza kwa maji ya kijito mpaka nyuzi thelathini na nane, joto la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Torgeir alileta hamira ya mama yake, iliyokauka juu ya kitambaa, akaiamsha, akaimimina kwenye pipa tulilokuwa tumelijaza. Wakati wa kuitia hamira mpishi hupiga ukelele, na ukelele ukiwa mdogo bia itakuwa legelege. Alipiga ukelele uliowatoa kunguru kwenye paa. Nami nikapiga wangu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia kazini, na juu kule mbwa wa Brynjulv akaitika.

Kesho yake asubuhi pipa lilikuwa linachemka lenyewe chini ya makoti. Niliinama. Maganda ya chungwa, nikamwambia, yale yanayokaushwa juu ya jiko wakati wa Krismasi. Aliruka kama mtoto.

Kilichoniponza ni ule mvuke. Nilikuwa nimelowa jasho siku nzima, nikitoka nje kwenye upepo wa theluji kutoka mlimani, nikirudi ndani. Ijumaa koo liliwasha. Jumamosi, siku ya kuonja, niliamka pua zote mbili zimezibwa. Nilinusa kahawa: hakuna. Nilinusa kopo la lami: hakuna. Mafua ya kitoto tu, siku nne yameisha, lakini watu walikuwa wanakuja saa nane mchana.

Tulikuwa tumepanga ishara. Bia ikiwa sawa nitakohoa mara moja. Ikiwa na kasoro, mara mbili, naye angesema maneno ya kawaida kisha tungeona. Sasa nilikuwa mlango uliofungwa kama yeye. Nilimtafuta nimwambie, lakini Synneva na Magne walishafika, na Brynjulv anashuka na mkewe, na majirani wengine, na Torgeir amezungukwa kila upande, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi. Nilimnong'oneza akipita. Hakusikia, kwa kuwa sauti nayo ilikuwa imeenda na pua.

Torgeir alifungua pipa, akajaza bakuli la mti. Aliliinua puani kama alivyofanya maisha yake yote, akafumba macho, akavuta pumzi. Akanywa. Kisha akafungua macho akanitazama.

Nilipiga chafya. Nikapiga ya pili, na ya tatu, na ya nne, mpaka nikashika nguzo. Hatukuwa tumepanga chochote kuhusu chafya nne.

Nilimwona anahesabu. Nilimwona anaelewa: jicho jekundu, pua nyekundu, leso. Alikuwa peke yake. Angeweza kusema lolote. Alikuwa na miaka miwili na robo ya mazoezi. Brynjulv ameshanyoosha shingo, anasubiri. Synneva amesimama mbele kabisa, mikono kifuani, anamtazama baba yake kama alivyomtazama akiwa na miaka mitatu. Nilifikiri, sema mreteni, sema maganda ya chungwa, nimekupa maneno yote, yaseme tu.

"Sisikii kitu," Torgeir alisema.

Watu walidhani ni mzaha. Magne alicheka kidogo, akaacha.

"Sisikii harufu ya kitu chochote. Tangu ile homa. Imefika miaka miwili na zaidi, na nimewadanganya wote, na mke wangu kwanza. Bia hii imepikwa kwa pua ya Borghild, na leo Borghild ana mafua." Akamnyooshea Synneva bakuli. "Sijui kama ni nzuri au ni mbaya. Synneva, mwanangu, nimekupikia kitu nisichokijua. Hebu niambie wewe. Na ikiwa imeharibika sema hivyo hivyo, Magne bado ana muda wa kununua."

Synneva alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Aliinamisha uso ndani yake akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaona mabega yake yanatikisika. Mungu wangu, imechacha, nikafikiri. Alikunywa. Alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Baba," alisema, "inanuka koti lako."

"Koti?"

"Lile la kazini. Ukirudi jioni nikiwa mdogo, nilikuwa nakungoja mlangoni ili niingize kichwa ndani kabla hujalivua. Miti, na mkate, na kitu cha machungwa. Nilidhani ni harufu yako. Kumbe ilikuwa hii." Akaliweka bakuli chini, akaingiza kichwa kifuani kwa baba yake mbele za watu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na Torgeir akamshika kichwa.

Brynjulv ndiye aliyelichukua bakuli. Alinusa mara tatu, akanywa, akaisugua bia ulimini.

"Imekosa hopsi kidogo," alisema. "Mengine yote siyawezi. Ni nzuri, shetani wewe." Kisha uso wake ukabadilika, taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo. "Ngoja. Ngoja kwanza. Homa ile ilipita kabla ya Krismasi ya juzi."

"Ilipita," Torgeir alikubali.

"Soksi!" Brynjulv akapiga kelele. "Ulisema bia yangu inanuka soksi! Niliimwaga yote, ng'ombe jike wewe! Lita arobaini!"

Alicheka mpaka mkewe akalazimika kumpiga mgongoni, na bakuli likaanza kuzunguka.

Pua yangu ilifunguka Jumatano, siku tatu kabla ya harusi. Nilijua kwa sababu niliamka na jua usoni na chumba chote kimejaa harufu ya maua ya matofaa kupitia dirishani, na nikamgeukia Torgeir nimweleze kabla hata hajauliza. Nikamweleza. Yeye akasikiliza, macho kwenye dari.

"Ulisema siku nyingine," nikamkumbusha. "Harufu unayoikosa."

Aliweka kidole hapa, kwenye shingo yangu, chini ya sikio.

"Hii," alisema. "Bia nitaelezwa na watu. Hii nilikuwa nikiipata kila asubuhi bila kuomba, na siku ilipoondoka sikujua nimuulize nani. Niambie inanukaje."

Nilifungua mdomo nimpe, kama nilivyompa sanduku na mkate na maganda ya chungwa. Sikuwa na kitu. Hakuna mtu anayeijua harufu ya shingo yake. Nilijinusa mkono, nilinusa mto, nilivuta nguo ya kulalia mpaka puani.

"Sijui," nikasema. "Torgeir, mimi siijui. Aliyekuwa anaijua ni wewe."

Alinigeukia. Jua la saa kumi na moja lilikuwa limekaa juu ya nyusi zake nyeupe, na pazia halikuwepo la kulizuia. Aliweka pua yake pale pale chini ya sikio, pua isiyofanya kazi, akafumba macho, akavuta pumzi. Safari hii nilijua anachokivuta, na nilimwacha.

"Sabuni ya kijani," alisema. "Pamba inapopigwa pasi. Chaki yako ya kuchorea vitambaa. Na nyuma yake maziwa ya moto, kidogo sana, kama mtu ameyachemsha chumba cha pili."

"Hivyo ndivyo ninavyonuka?"

"Ndivyo."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Nilidhani unajua," alisema, na hakuinua uso wake.